Mabati ya Kanisa na Tiketi ya Mzee wa Kadi Tatu

Tangazo la kifo chake nililisikia redioni, saa ya chakula cha mchana, katika chumba cha walimu cha shule ninayofundisha kwa muda karibu na Sigor. Lilisomwa kama yanavyosomwa yote: mume wa fulani, baba ya fulani aliye Uingereza, mwonjaji mstaafu wa kiwanda cha chai, atazikwa Jumamosi nyumbani kwake Merigi. Kijiko changu kilibaki hewani. Mwalimu wa hesabu aliniuliza kama marehemu ni mtu wangu. Hakuwa baba wala mjomba. Alikuwa jirani wa nyumbani ambaye kwa karibu miaka miwili, nilipokuwa nimerudi kutoka chuo kikuu na sina kazi, nilimsomea karatasi zenye maandishi madogo. Lakini tangazo halikutaja kadi hata moja, na mimi nilikuwa nazisubiri, kana kwamba bila kadi tangazo lile lilimhusu mtu mwingine. Ninyi mnaosoma ukurasa huu kila wiki mnajua kwamba nikipata jambo dogo hulichambua mpaka linipoteze. Hili nimelichambua tangu siku ile na bado sijui nisimame upande gani.

Alikuwa na kadi tatu za mkopo, za benki tatu, na alizibeba ndani ya kifuko cha plastiki pamoja na kitambulisho chake. Ya kwanza aliipata akiwa kazini, enzi za kusafiri hadi mnada wa chai Mombasa. Mbili nyingine aliziomba mwenyewe karibu na kustaafu, baada ya kusoma gazetini kwamba ukilipia kitu kwa kadi unapewa pointi, na pointi zikitosha shirika la ndege linakupa tiketi bila kulipa nauli. Wengi walisoma tangazo hilo wakafungua ukurasa wa michezo. Yeye alikaa nalo kama alivyokuwa akikaa na kikombe cha chai kiwandani, akilivuta kwa sauti, akilizungusha mdomoni, akitafuta kasoro. Akagundua kwamba kadi moja ilitoa pointi maradufu kwa petroli, ya pili maradufu madukani, ya tatu kwa hoteli na tiketi, na kwamba zote tatu zilikubaliwa na shirika moja la ndege. Ukitumia kila kadi mahali pake, aliniambia, ni kama kuchuma kwa mikono yote miwili. Na alikuwa na sheria moja asiyoivunja: deni la mwezi hulipwa lote kabla ya tarehe yake. Kwenye kalenda ya kiwanda iliyoning'inia sebuleni alizungushia tarehe za benki kwa kalamu za rangi tatu, na siku ikifika, mvua iwe inanyesha au la, alikuwa Kericho mlangoni pa benki. "Ukichelewa siku moja," alisema, "wewe ndiye unayewanunulia wao tiketi."

Shida ni kwamba mstaafu wa Merigi hana matumizi ya kujaza hata kikapu cha pointi. Ana chumvi, sabuni, dawa ya kuogeshea ng'ombe na sadaka. Ndipo akaanza kulipia matumizi ya watu wengine. Alikuwa akimngojea dereva wa pikapu ya maziwa kwenye kituo cha petroli, na mazungumzo yao niliyasikia mara nyingi mpaka nikayakariri.

"Mzee wa kadi! Leo tena unaninunulia mafuta?"

"Sikununulii kitu. Weka pesa zako mkononi mwangu, mimi nisugue kadi."

"Na wewe unapata nini?"

"Napata kipande cha bawa la ndege."

"Basi siku ikiruka unibebe."

"Nikubebe na hayo maziwa yako ya maji? Itaanguka."

Mhudumu alikuwa akilaza kadi kwenye kile kimashine chenye karatasi ya kaboni, anavuta mkono kwenda na kurudi, mzee anatia sahihi, na noti za dereva zinaingia bahasha ya benki moja kwa moja. Sikumwona akizigusa kwa jambo lingine. Nilikuwa ninamchunguza, nakiri. Nilikuwa na shahada ya uchumi na nilitafuta mahali ambapo ujanja umefichwa.

Tiketi haikuwa yake. Binti yao wa pekee alikwenda Uingereza kusomea uuguzi, akaolewa huko, akajifungua mtoto wa kiume, na mama yake, huku Merigi, hakuwahi kumshika mtoto huyo. Kulikuwa na picha moja ukutani, chini ya ile kalenda. Pensheni isingelipa nauli, na binti naye alikuwa akijikokota na maisha ya huko. Kwa hiyo mzee alikuwa akimkusanyia mke wake tiketi, kipande kwa kipande. Siku moja aliniandikisha barua kwa shirika la ndege kuuliza kama abiria anaruhusiwa kuingia na kibuyu cha mursik, maana bibi asingekwenda kumwona mjukuu wake wa kwanza bila maziwa ya kwao yaliyochachushwa kibuyuni. Niliiandika barua hiyo mara nne. Sikujua kama niseme mursik ni chakula, kinywaji au zawadi, na kila neno niliona litamkosesha. Hawakutujibu.

Mwaka juzi, mwezi wa bonasi ya chai, mahesabu yake yalikaribia kutimia. Zilibaki pointi chache, lakini za zamani zingefutwa siku ya mwisho ya Desemba. Wakati huohuo kanisa letu lilikuwa limekusanya michango ya mabati mapya. Mzee alikuja mbele ya kamati, nami nikiwa miongoni mwa waumini waliohudhuria, akiwa amevaa koti lake la kiwandani na kueleza vizuri kuliko nitakavyoeleza hapa. Alikuwa ameshazungumza na mwenye duka la vifaa vya ujenzi Kericho, na bei ilikuwa ileile kwa pesa taslimu na kwa kadi. Kamati isimpe hata senti kwanza. Waende naye, asugue kadi, mabati yapakiwe, yashushwe kanisani na kuhesabiwa. Hapo ndipo wampe pesa azipeleke benki. Kanisa litapata mabati yake yote. Yeye atapata pointi, na mke wake atapanda ndege.

Kisha mwenyekiti akauliza, "Hizo pointi zinatoka wapi?"

"Benki wananipa."

"Kwa nini wakupe?"

"Kwa sababu nimetumia kadi yao."

"Hapana, mzee. Mtu hakupi kitu bila kukitoa mahali."

Mama mweka hazina, ambaye shamba lake linapakana na letu, akainua mkono. "Mimi naona hii ni ile kilo ya gunia," akasema, na chumba kizima kikaguna.

Msomaji wa mjini aelewe kilichosemwa. Katika kituo cha kununulia majani, karani wa mizani hukata kilo ya gunia. Gunia likiloa kwa mvua hukata nyingine ya maji, na kwetu mvua hunyesha karibu kila alasiri. Kila mchumaji amewahi kupiga hesabu kichwani na kuona gunia haliwezi kuwa na uzito huo. Kilo iliyokatwa haipotei, inakwenda kwa mtu, na mtu huyo hatumjui. Tumelelewa chini ya mizani hiyo. Mama yangu hukatwa kilo yake na kurudi nyumbani akihesabu kwa vidole. Sasa hapa amekuja mtu anayesema kuna kitu kitatoka kwenye mabati yetu kiende kwake, nasi hatutapungukiwa. Wangefikiria nini kingine? Mzee mmoja wa kanisa alipendekeza kwa moyo safi kabisa kwamba pointi zigawanywe, kila mtu achukue za mabati aliyochanga. "Mimi nilitoa ya mabati matatu," alisema. "Zangu niwekeeni, nitakuja na mfuko." Watu walicheka, lakini si wote.

Ndipo mwenyekiti akanigeukia. "Wewe Digirii ndiye msomi hapa, na karatasi zake umezisoma. Tuambie. Kanisa linaibiwa au haliibiwi?"

Nilisimama. Mzee alinitazama kwa utulivu, kama mtu aliyeketi na shahidi wake. Nami nilijua jibu. Bei ilikuwa ileile, mabati ni yaleyale, hatari yote ilikuwa yake. Jibu lilikuwa hapana, neno moja. Lakini kichwa changu hakitoi neno moja. Nilikumbuka kwamba mwenye duka hulipa benki sehemu ndogo ya kila mauzo ya kadi, na kwamba pengine sehemu hiyo huingizwa katika bei ya kila mtu, hata anayelipa taslimu. Nilifikiria pia kama ni halali sadaka ya Mungu kumnufaisha mtu mmoja, na watasemaje juu yangu iwapo litatokea baya. Nikafungua kinywa nikasema, "Inategemea."

Niliendelea kueleza inategemea nini, lakini hakuna aliyesikiliza tena. Mwenyekiti alifunga daftari. "Kama hata Digirii hana hakika," akasema, "tulipe pesa tumalize." Mabati yalinunuliwa kwa taslimu wiki hiyo, kwa bei ileile. Desemba ikaisha, pointi zikafutwa. Nilijificha nyumbani siku kadhaa, kisha nikaenda kwake nikiwa nimeandaa hotuba ya kuomba msamaha. Alikuwa ametundika kalenda mpya. "Kaa, Digirii," akasema, akanimiminia chai, akavuta ya kwake kwa sauti na kukunja uso. "Majani yamechumwa yakiwa yamekomaa mno haya. Haya, tuanze tena. Kadi ya petroli inafunga tarehe ngapi?" Hotuba yangu nilirudi nayo nyumbani. Alikuwa amevuka nusu ya safari ya pili moyo wake uliposimama.

Nimejaribu kuandika kwamba watu wetu wanashuku kila kipya, nikafuta, kwa sababu hawakushuku bure, mizani imewafundisha. Nimejaribu kuandika kwamba kamati ilikuwa sahihi, kwa kuwa kweli pointi hutoka mahali, nikafuta pia. Kilo ya mama yangu inakatwa kila siku na hatusimami kumkabili karani, kwa kuwa karani ana mizani na gari la kiwanda nyuma yake. Mzee wa kadi alikuja peke yake, karatasi zote wazi mezani, na yeye ndiye tuliyempata wa kumkatalia. Kama hiyo ni hekima, sijui tuliipata wapi. Kama ni hasira, ilimfikia mtu ambaye hakuwa na mizani yoyote.

Jumamosi tulimzika kando ya michai yake. Binti alikuja. Alikopa nauli kwa wafanyakazi wenzake, na alikuja na mtoto, ambaye sasa ana miaka minne na anazungumza Kiingereza tu. Ibada ilifanyika chini ya mabati yale. Mvua ilipoanza kuyapiga hatukumsikia tena mchungaji, na mimi nilibaki nikiyatazama juu, safu kwa safu. Baadaye nilimkuta mama mjane jikoni, amempakata mjukuu, anamwonjesha mursik. Mtoto alikunja uso vilevile kama babu yake na chai mbaya. Mama akacheka, kisha akalia kidogo, kisha akanipa kigoda. Nilimwambia kila kitu. Nilisema mimi ndiye niliyemkosesha tiketi, kwamba nilijua jibu na sikulitoa, kwamba angemshika mtoto huyu miaka miwili iliyopita na mume wake akiwa hai.

Alinisikiliza mpaka mwisho. "Wewe kijana," akasema, "unajua siku ile nilikuwa naomba nini hapa jikoni? Nilikuwa naomba mkatae. Mimi naogopa hata ngazi ya ghala, ningepandaje ndege?"

Nilishusha pumzi niliyoishikilia miaka miwili. Hakuniacha niimalize.

"Lakini angeipata, ningepanda. Ningefumba macho kutoka Nairobi mpaka Uingereza. Kwa sababu yake, si kwa sababu ya ndege." Alimfuta mtoto mdomo kwa kiganja. "Alirudi kutoka kwa kamati, nikamuuliza, wamesemaje? Akasema, wao sijali, hawajasoma hizo karatasi. Kijana alizisoma zote. Nilidhani atasema."

Nimekuwa nikidhani kwamba mtu mwangalifu hamdhuru mtu, kwamba ukikaa katikati ya jambo huwezi kulaumiwa na upande wowote. Bado sijui pointi hutoka wapi hasa, na sijui kama yule mama nilimwokoa au nilimnyang'anya. Ninachojua ni kidogo. Siku ile niliulizwa swali lenye jibu, na aliyekuwa akilingoja alikuwa ameketi mbele yangu, amevaa koti lake la kiwandani. Haliibiwi. Kanisa haliibiwi, mwenyekiti. Nimeandika hapa nilichopaswa kukisema siku ile, na mtu niliyepaswa kumsemea hayupo wa kusikia.