Begi Jepesi Kama Nywele

Mume wa Msusi alikuwa mlinzi wa geti la kiwanda cha sabuni, na kazi yake ilikuwa kupekua mabegi ya wafanyakazi wakitoka. Neno lake lilikuwa moja tu, "Fungua," mpaka watu wakamwita hivyohivyo, Fungua. Kiwandani alilipwa kwa kazi hiyo. Nyumbani aliifanya bure.

Mkewe alikuwa anasuka vichwa vya watu majumbani mwao. Akitoka, apekuliwe. Akirudi, apekuliwe. Mwanaume mzima, ndevu zimejaa kidevu, anakodolea macho vitana na mafuta ya nywele utadhani ametegewa bomu! Na wala hakuamini macho. Kwanza alinyanyua begi kwa vidole viwili, akalipima uzito. Kisha akalibonyeza chini. Ndipo akazamisha mkono.

Kuna mwaka mama yake Msusi aliumwa, binti akapanga kwenda kumuuguza. Fungua akalikuta sanduku chini ya kitanda, limeshafungwa. Hakupiga kelele. Alifunga mlango, akamshika mkewe kidole cha shahada, akakikunja upande kisikokunjika. "Haya, sasa nenda," akasema. Mama akazikwa binti hayupo, na kidole kikabaki kimesimama kama kijiti. Majirani wakasema hayo ni mambo ya mke na mume. Majirani! Ukuta mmoja, masikio mazima, midomo imeshonwa.

Basi dada mkubwa wa Msusi, aliyekuwa anaishi nje, aliponunua tiketi ya ndege, hakuituma kwa mdogo wake. Aliituma kwa mteja mmoja wa Msusi, mwalimu, ambaye ndiye aliyemfichia na pasi ya kusafiria.

"Tiketi yenyewe ya bei ya chini," mwalimu akamwambia, kichwa kiko nusu kimesukwa. "Huruhusiwi mzigo. Begi moja dogo, uingie nalo mwenyewe."

"Hata wangeniruhusu kumi, mwalimu, nitayapitisha wapi?"

Akaenda sokoni kwa muuza mabegi.

"Karibu dada! Chukua hili la magurudumu, unalivuta tu kama mbuzi."

"Magurudumu yana kelele."

"Basi hili jekundu. Hata likipotea unaliona toka mbali."

"Sitaki linaloonekana."

Muuzaji akacheka mpaka akashika kiuno. "Dada yangu, wewe unasafiri au unakwenda kuiba?"

Msusi hakucheka. Aligeuka kutazama nyuma yake, akamtazama mpita njia mmoja mwenye kofia, akamtazama tena. Muuzaji akaona, mzaha ukamkauka mdomoni. Akamteremshia begi la mgongoni la kijivu, laini, halina ubao wala chuma, limekaa juani likakosa mtu.

"Hili linaingia ndani ya ndege bila maneno. Na likiwa tupu, mkate una uzito kulishinda."

Msusi akainamisha sikio, akavuta zipu polepole, akairudisha. Haikusema kitu. Akalichukua. Kabla ya kufika nyumbani alikata kwa wembe mkanda wa begi lake la zamani, akalisugua lile jipya vumbi.

"Begi gani hili?" Fungua akauliza.

"La zamani limekatika mkanda."

"Mbona limevimba?"

"Nywele za kusukia. Wateja wameongezeka."

Akanyanyua kwa vidole viwili. Akabonyeza. Akazamisha mkono, akatoa mafungu ya nywele za bandia. Akayarudisha. Tangu hapo Msusi akawa anatoka nalo kila asubuhi, limejaa nywele tupu, mpaka mkono wa Fungua ukalizoea: kubwa machoni, jepesi mkononi.

Hapo ndipo hofu ilipoanza upya. Nywele hazina uzito, na nguo zina uzito. Mume akiwa kazini, Msusi aliketi kitandani akitia kitu ndani ya begi, akilinyanyua, akikitoa. Viatu vikatoka. Taulo likatoka. Sweta la marehemu mama yake aliliingiza, akalitoa, akaliingiza, akakaa nalo mapajani, mwisho akalirudisha kabatini. Wapo wanaosafiri na begi moja kwa raha zao na kujisifu njiani. Yeye alikuwa anauogopa mkono wa mtu. Likabaki gauni moja jembamba, nguo za ndani na mswaki, kila kimoja kimeviringishwa katikati ya fungu la nywele.

Asubuhi ya safari Fungua alikuwa anafunga kamba za viatu.

"Lete."

Akampa. Vidole viwili. Begi likaning'inia hewani, likakaa muda kuliko siku zote. Fungua akaliweka chini, akavuta zipu, akatoa fungu la kwanza, akatoa la pili. La pili ndilo lililomeza gauni. Akaliminya.

"Nywele hizi mbona ngumu?"

"Aina mpya. Hazijachambuliwa."

Akamtazama. Kisha akainuka, akaenda chumbani. Msusi akajua amekwenda kuufuata mkanda wa kumchapia, akasogeza mgongo ukutani.

Akarudi na shati la sare, akalisokomeza ndani ya begi, akafunga zipu kwa mkono wake mwenyewe.

"Lipeleke kwa dobi. Nitalipitia mchana, jioni bosi anakagua."

Dobi alikuwa anapigia pasi ng'ambo ya barabara, anatazamana na geti la kiwanda. Asipolipeleka, mchana tu Fungua atajua, na ndege ni saa kumi. Basi akaenda. Fungua alikuwa ameshafika getini, anamtazama. Msusi akafungua begi mezani kwa dobi, akavuta shati, na fungu la nywele likaja nalo, mkono wa gauni umechungulia nje.

Dobi, mama mtu mzima, akaliona gauni. Akakiona kidole. Akatupa macho ng'ambo, akalisogeza fungu ndani ya begi kwa ncha ya pasi.

"Shati mchana litakuwa tayari," akasema kwa sauti ya kusikika mpaka getini. Kisha kwa chini: "Usikimbie, mwanangu. Tembea kama una mteja."

Akatembea. Shingo ilimwuma kwa kuizuia isigeuke. Hata ndani ya ndege, mlango umeshafungwa, kila mwanaume aliyekohoa nyuma alikuwa Fungua.

Mchana Fungua alichukua shati, limenyooka kama karatasi. Siku zilizofuata alilia mbele za watu, mkewe kamkimbia, hata kuaga hakuaga. Majirani, midomo imefumuka sasa, wakatikisa vichwa wakamwonea huruma.

Na alie. Machozi yake mwenyewe.