Kaz Nowicki Hayumo Kwenye Picha

Ukitaka kumwona Kaz Nowicki, usihangaike na majalada ya santuri. Utawakuta wanaume wanne mbele ya ukuta wa matofali, nywele mpaka mabegani, suruali zimewabana hadi unawaonea huruma. Huyo wa kushoto aliyenuna ni mume wangu Gus, mpiga dramu, na hakununa kwa ukali, viatu vilimuuma. Wa katikati, kifua wazi, ni Curt Delaney, mwimbaji. Hao wawili wa magitaa ni ndugu, watu wapole, wala hawana neno katika habari hii. Kaz hayumo. Siku ile ya picha Kaz ndiye aliyemshikia mpiga picha mkoba.

Bendi waliiita Tanuri, kwa kuwa wote walilelewa kwa mshahara wa tanuri za vioo hapa Toledo. Walianzia kwenye gereji ya akina Kaz. Kinanda kilikuwa chake, na nusu ya nyimbo alizitunga yeye. Wakapiga baa zote kuanzia hapa mpaka Detroit, wakirushiwa chupa na wao wakizirudisha, mpaka bwana mmoja wa kampuni ya santuri akaja kuwasikiliza. Aliwapenda. Akatoa sharti moja: roki nzito ni gitaa. Kijana anayelipa kiingilio hataki kuona mtu amekaa kitako anabonyeza kinanda kama yuko kanisani. Sauti ya kinanda ibaki, mwenyewe asionekane. Wakamgeukia Kaz, unasemaje? Kaz akasema sawa. Yeye na hilo neno ni chanda na pete, na mimi limenikera tangu siku hiyo.

Mambo yakapamba moto. Mwaka themanini na sita wimbo wao mmoja ulishika kila redio, hata kinyozi wa mtaani kwetu aliuimba huku ameshika wembe. Wakazunguka nchi nzima, viwanja vya mpira vikajaa. Gus alinunua gari jekundu, akaligonga, akanunua jingine. Mimi niliuza fulana mlangoni, na kwenye fulana pia walikuwa wanne. Kaz alikaa nyuma ya pazia jeusi upande wa kulia, amevaa ndara za nyumbani na miwani ya kusomea, anapiga. Ule mvumo uliotetemesha vifua vya watu walidhani ni gitaa.

Halafu koo la Curt likaharibika. Miaka ya mayowe, sigara na wiski, utavuna nini? Daktari akamkata vinundu, na sauti ikarudi ya chini, ya kukwaruza. Zile sauti za juu zilikwenda na maji, na bila hizo wimbo wao ni uji usio na sukari. Ndipo ikagundulika kwamba Kaz, mtoto wa kwaya, anazifikia bila hata kusimama. Wakamwekea kipaza sauti kulekule gizani, na Curt mbele akawa anachezesha midomo. Tuliapa sote ndani ya basi kwamba siri hiyo haitoki, na kwamba mgeni hakanyagi tena nyuma ya pazia. Mimi niliapa huku nakaanga mayai. Kaz akasema sawa.

Miaka ya tisini ikaja na vijana wa sweta zilizochanika, wanaimba huku wanatazama viatu vyao, na roki ya suruali za kubana ikawa kichekesho. Kutoka viwanjani tukashuka kwenye kumbi, kutoka kumbi tukarudi baa, kutoka baa tukaishia maonyesho ya kilimo, unapiga muziki kati ya zizi la nguruwe na bembea. Lakini ilikuwa kazi, na kazi nyingine hatukuwa nayo.

Sasa mama yake Kaz. Bi Stasia alipanga chupa kiwandani tangu usichana, na mashine zikamla masikio yote mawili. Wanawake wa kiwanda kile walizungumza kwa midomo, na asiyejua kuisoma alishinda na njaa ya umbea. Bi Stasia alikuwa bingwa. Kaz alimsemesha kwa midomo mitupu, bila kutoa sauti, kwa hiyo ukiingia jikoni kwao unakuta watu wawili wanagombana na unayemsikia ni mmoja. Huyo mmoja unamsikia barabara. Bi Stasia hakujua kipimo cha sauti yake, akikuomba chumvi mezani, jirani analeta.

Mama huyu hakuwahi kusikia hata chembe ya muziki wa Tanuri. Alichokuwa nacho ni macho, na macho yalimwambia mwanawe hayumo. Hayumo kwenye majalada, hayumo kwenye fulana, hayumo kwenye televisheni. Kaz anamwambia, nipo Mama, napiga kinanda. Mama anatazama, kinanda kiko wapi? Akajijibu mwenyewe kwamba mwanawe ni mbeba masanduku na anaona haya kusema.

"Kubeba masanduku si aibu," alimwambia siku moja mbele yangu, tukila pierogi, vile vifuko vya unga vyenye viazi ndani, mezani kwake. "Baba yako alifagia vioo. Aibu ni kunidanganya mimi. Njia ya mwongo fupi, Kaz. Yako mbona haifiki?"

"Njoo basi uone, Mama," Kaz akasema kwa midomo.

"Nije kuona nini? Masanduku?"

Kaz akainamia sahani. Mimi nilitaka kusema, nikakumbuka kiapo, nikajaza chakula mdomoni.

Kiangazi cha mwaka tisini na tisa daktari alimwambia Bi Stasia kwamba presha ya macho imeshamla pembeni kote. Alikuwa anaona kama mtu anayechungulia tundu la ufunguo, na tundu lenyewe linaziba. Kwa mtu anayesikia kwa macho, fikiria mwenyewe. Hakulia. Alimwita Kaz akamketisha. "Mnapiga kwenye maonyesho hapa nyumbani," akasema. "Nakuja. Kama umo kwenye hiyo bendi, nikuone sasa, kabla sijaingia gizani. Kama humo, niambie ukweli, nikusamehe, yaishe."

Tangu siku hiyo Kaz hakulala vizuri, na kwa kuwa tuliishi jirani, na sisi hatukulala.

Siku yenyewe jua lilikuwa kali, na jukwaa lilikuwa nyuma ya banda la ng'ombe. Kaz hakukaa. Alizunguka basi, akafuta kinanda, akakifuta tena, akanunua soseji akaisahau juu ya spika, akaenda chooni, akarudi, akaenda. Mimi nilikuwa nakunja fulana ambazo zilishakunjwa. Mwishowe akamfuata Curt ndani ya basi, Curt anajipaka wanja mbele ya kioo, na mimi nikaingia nyuma yake. Umbea, kusema kweli, na hasira.

"Curt, leo tufungue pazia. Wimbo mmoja tu."

"Umelewa?"

"Mama yangu yuko mstari wa mbele."

"Msalimie."

"Anapofuka, Curt. Anadhani nimemdanganya maisha yangu yote."

Curt akaweka wanja chini. Sitamsingizia, uchungu ulimpata, niliuona usoni. "Kaz, kaka yangu. Ukionekana wewe, wataona na kipaza sauti mdomoni mwako. Wataona nafunga mdomo na sauti inaendelea. Kesho nani atatuita, hata kwenye harusi ya mbwa? Nina miaka arobaini na saba na suruali ya ngozi. Nitakwenda wapi?"

"Basi nisiimbe. Nipige kinanda tu."

"Na zile za juu aimbe nani? Gus?"

Mume wangu, aliyekuwa anatafuna hindi la kuchoma kwenye kiti cha nyuma, akasema, "Mimi nisitajwe."

"Curt Delaney," nikasema, "mama huyo amekulisha tangu huna ndevu."

"Shemeji, wewe kauze fulana."

Damu ilinipanda, na ningemwambia maneno ya kumtosha mpaka Krismasi, lakini Kaz alinishika bega. Akasema sawa. Akavuta ndara zake, akaelekea nyuma ya pazia, mgongo umemwinama.

Meza yangu ilikuwa ubavuni mwa jukwaa, kwa hiyo nilimwona Bi Stasia vizuri. Alivaa gauni la bluu la Pasaka, mkoba juu ya magoti, pembeni yake rafiki yake wa kanisani, Genevieve. Muziki ulipoanza akaanza kutafuta. Alipeleka lile tundu lake taratibu jukwaani: Gus, ndugu wa kwanza, Curt, ndugu wa pili. Akarudi. Gus, ndugu, Curt, ndugu. Alirudia na kurudia, wimbo baada ya wimbo, akitafuta mtu wa tano. Genevieve akampapasa mkono, ule mpapaso wa kumpoza mfiwa. Nilitamani ardhi inimeze.

Ukaja ule wimbo wao. Watu wote wakainuka, Genevieve naye, na bibi mzima yule anaujua kwa moyo. Bi Stasia alikuwa amechoka kutafuta, akabaki anamtazama Curt mdomoni. Kibwagizo cha kwanza kikapita. Nikamwona anakunja uso. Akainuka, akapasua watu kwa viwiko mpaka mezani kwangu.

"Yule mwenye kifua anadanganya," akasema, na foleni nzima ya wanunua aiskrimu ikageuka.

"Nani?" nikauliza kwa midomo, roho juu.

"Yule. Genevieve anaimba maneno, watu wote wanaimba maneno, yeye midomo yake inahesabu. Moja, mbili, tatu, nne. Na shingo yake imelala. Mtu akipaza sauti, shingo husimama, hata mjinga anajua. Sasa anayeimba nani?"

Nilikuwa nimeapa. Lakini nilimwangalia mwanamke yule na gauni lake la Pasaka, macho yake yamenikazia mdomoni yakisubiri, na nikaona kiapo gani hiki cha kumfanya mama azikwe na uongo. Nilimshika mkono, nikaacha fulana zijilinde, nikampandisha ngazi za nyuma, nikainua pazia.

Kaz alikuwa amefumba macho. Kibwagizo cha pili kilikuwa kimeanza, na vidole vyake vilikuwa kwenye kinanda, shingo imesimama, mishipa imetoka, jasho linachuruzika mpaka kwenye miwani. Bi Stasia alisimama akamtazama kipandekipande kwa tundu lake: ndara, magoti, vidole, kinanda. Akafika mdomoni, akausoma. Halafu akasogea akanyoosha mkono na kuweka kiganja juu ya koo la mwanawe.

Kaz alishtuka na sauti ikakatika. Kule mbele Curt alikuwa ameachama, mikono juu, na hakuna kilichotoka. Fundi wa sauti, akidhani kipaza cha Kaz kimekufa, akakisukuma mpaka mwisho. Kwa muda zilisikika dramu na magitaa tu. Kaz alifumbua macho akamwona mama yake, na angeweza kunyamaza pale pale, nani angemlaumu? Hakunyamaza. Aliudaka wimbo, akaubeba kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, koo linatetemeka ndani ya kiganja cha mama, mpaka neno la mwisho. Mimi nilikuwa nalia wazi, sikujali wanja.

"Hukunidanganya," Bi Stasia akasema.

Kisha akachungulia upenyo wa pazia. Aliona watu wanapiga makofi mikono juu ya vichwa, na Curt amefungua mikono, anainama kulia, anainama kushoto.

"Kaz," akasema, "mbona wanampigia makofi yeye, na anayeimba ni wewe?"

Kipaza sauti cha Kaz kilikuwa sasa chini ya kidevu cha Bi Stasia, kimefunguliwa mpaka mwisho. Maneno yale yalitoka kwenye kila spika, yakafika banda la ng'ombe, yakafika kwenye bembea. Makofi yakapungua, yakaisha.

Kaz akamjibu kwa midomo tu, lakini mimi nilikuwa karibu nikaiona. "Wamezoea, Mama."

"Basi wakuzoee wewe," akasema, na hilo nalo likaenda.

Curt alibaki na mikono yake hewani. Akaishusha, akalaza kipaza sauti chake sakafuni kwa upole, akateremka kwa ngazi za pembeni, akapita katikati ya ng'ombe. Hatukupiga naye tena. Gus aliweka vijiti magotini akanitazama kama mtu aliyeona nyumba yake inaungua. Na mimi, ambaye nyumba hiyo ilikuwa yangu pia, nilikuwa nimeshashika kamba ya pazia. Nikaivuta.

Jua likampiga Kaz usoni. Mtu mwenye kipara, miwani, na ndara. Wengine wakacheka. Wengine wakaanza kuzomea, wakadai kiingilio chao, na chupa moja ya soda ikatua karibu na dramu. Kuna waliokuwa wanapiga makofi pia, sitasema hapana, lakini walikuwa wachache. Kaz aliinuka nusu, nikajua anataka kukimbia.

Bi Stasia hakusikia lolote. Alichoona, kwa kadiri tundu lake lilivyoruhusu, ni watu wengi wamesimama juani, midomo wazi, wote wanamtazama mwanawe. Akamrudisha kitini kwa kumkandamiza bega.

"Kaa, mwanangu," akamwambia. "Huoni wanakungoja?"

Kaz akautazama uso wake, ulivyonyanyuka, ulivyojaa fahari. Akavuta kiti, akaweka vidole kwenye kinanda, akaimba.