Mfuniko wa Bi Edina

Siku moja naikumbuka kwa mfuniko wa sufuria, mwanangu. Nilikuwa nimeolewa juzijuzi tu, nimemfuata babu yako Faki, Mungu amrehemu, huko Uingereza. Ilikuwa mchana, lakini taa ya jikoni inawaka, kwa sababu kule wakati wa baridi jua huchungulia tu likaondoka. Nilichemsha mbatata, nikamwaga maji kwa bismillahi kama nilivyolelewa, nikafunika sufuria, nikaenda kusali adhuhuri. Niliporudi, mfuniko ulikuwa dirishani, umelazwa chali, bado unatona maji ya mvuke. Faki alikuwa kazini. Mlango niliufunga kwa ufunguo mwenyewe.

Unamfuata mumeo Kanada, nawe umeniomba nikufundishe hizi mbatata za kuoka ambazo hapa Mtambile watu hunisifia. Nitakufundisha. Lakini huwezi kuzijua mbatata hizi bila kumjua mwenye mapishi haya, kwa hiyo menya huku unasikiliza. Na umenye maganda membamba, usinitupie nusu ya mbatata.

Unajua, siye ni watu wa wali. Maji yakikauka unafunika, unapalia makaa juu ya mfuniko, na mtu akifunua kabla ya wakati anapigwa mwiko wa mkono. Basi nami kila kilichochemka nilikifunika. Mbatata nazo nikazifunika, zikarowa kwa mvuke wake, nikizitia kwenye oveni zinatoka laini kama chakula cha mgonjwa. Faki alikuwa akila ananyamaza. Wenzake kazini walimsimulia mbatata za mama zao, ngumu nje, unga ndani, naye akanisimulia mimi bila ubaya wowote. Lakini nilikuwa mpweke mno, mwanangu. Lugha sina, jirani simjui, muhogo siuoni. Nikajiambia, nikiziweza hizi mbatata nitaiweza na nchi hii. Nisipoziweza, narudi kwetu, na ndoa ijijue yenyewe.

Ule mfuniko mara ya kwanza nilidhani nimesahau. Mara nyingine nikafunika, nikaweka na kinu cha kitunguu thomu juu yake, nikageuka kuchukua samli kabatini. Nilipogeuka tena, kinu kiko mezani na mfuniko uko dirishani, na sikusikia hata kijiko kikilia. Kopo la chumvi nalo nililiweka kushoto, maana mimi ni wa shoto kama ujuavyo, na kila nikiingia nalikuta kulia. Kisha kulikuwa na ile baridi. Baridi ya nje huingia miguuni. Ile ya jikoni ilikuwa nyuma ya shingo yangu tu, kwa kimo cha mtu, na nikisogea ilisogea.

Niliogopa, sikufichi. Ikawa Faki akiondoka na mimi natoka, nakaa kituo cha basi na koti langu mpaka arudi. Mwisho nikampigia mama simu hapa hapa Mtambile, nalia, namwambia anitafutie nauli nirudi. Nilidhani atataja majini, au atanitafutia mganga. Aliuliza jambo moja tu.

“Siku mlohamia, ulitoa salamu?”

“Nimtolee nani, mama? Nyumba ilikuwa tupu.”

Nikasikia kuku wake wanalia uani.

“Hebu nisikilize. Weye nilokuzaa miye umeingia nyumba ya watu bila hodi. Hukufukiza ubani, jirani hukumpelekea hata kijiko cha ulichopika. Kisha wakaa jikoni mwao ukila peke yako, husemi karibu. Walomo wakuonaje?”

“Sasa nifanyeje?”

“Toka nje, uingie upya.”

Aibu niliyoiona siku ile iliuzidi woga. Nilitoka nje na baridi yote ile, nikafunga mlango, nikasimama kizingitini kama mgeni. Nikapiga hodi. Nikatoa salamu kwa sauti, nikaingia kwa mguu wa kulia. Sikuitikiwa, na namshukuru Mungu, maana ningeitikiwa ningekuwa nakimbia mpaka leo.

Nikachemsha mbatata mpaka zikalainika pembeni. Nikamwaga maji. Mkono ukaufuata mfuniko wenyewe kwa mazoea, nikauzuia, nikasema, “Haya, bibi, kama hutaki zifunikwe, hazifunikwi.” Kwa nini nilisema bibi sijui. Nikaziacha zipumue. Mvuke ukatoka wote, zikakauka, zikachanika chanika kwa juu. Nikaitikisa sufuria zikaparuzika. Samli nikaitia kwenye treya peke yake, ndani ya oveni, mpaka ikawa moto kabisa, ndipo nikazimimina mbatata zikalia. Nikazigeuza mara moja tu. Zilipotoka zilikuwa na rangi ya maandazi, ukizigonga kwa kijiko zinajibu. Nikanyoosha mkono kutafuta chumvi bila kuangalia, na kopo lilikuwa kushoto kwangu.

Nikapakua sahani, nikasema karibu kwa jiko tupu, kisha nikapeleka nyingine kwa kikongwe wa nyumba ya pili, Bi Pati. Hatukuwahi kusemezana. Aliuma moja akiwa bado mlangoni, akaacha kutafuna, akanitazama uso mzima.

“Hizi ni za Edina,” alisema. “Nani kakufundisha?”

Nilikuwa na maneno machache ya lugha yao. Nikamwonyesha kwa mikono, sufuria, mfuniko, dirisha. Bi Pati akakaa kwenye ngazi. Akaniambia, mengine nikayaelewa siku za baadaye, kwamba Edina ndiye aliyekuwa akikaa nyumba ile kabla yetu, na kila akipika mbatata mfuniko aliuweka dirishani, chali. Hakumfundisha mtu. Alifia jikoni mle, mbatata zikiwa kwenye oveni, na ni yeye Bi Pati aliyeona moshi. Hakuna aliyewahi kuzila zile za mwisho.

Baadaye nilimuuliza shehe. Akaniambia roho za waliokufa haziko huku kwetu, na kama kuna kitu basi ni kiumbe mwingine anayejua mazoea ya nyumba. Mimi sibishani na shehe. Ninalolijua ni kwamba sikurudi Pemba mwaka ule, wala miaka iliyofuata. Nimezalia nyumba ile, nimezeekea nyumba ile, na Bi Pati akawa mama yangu wa pili. Ile baridi ya shingoni haikuondoka, ila nilizoea kuiomba isogee kidogo, nipate nafasi ya kupita.

Sasa nisikie vizuri, maana hapa ndipo penye wasia wangu. Faki alipofariki nilifunga virago kurudi. Siku ya kutoka nikasimama jikoni, nikashukuru, nikaomba radhi kwa niliyokosea. Na mdomo huu, uliolelewa Pemba, ambao hauwezi kuagana na mtu bila kumkaribisha, ukasema, “Haya, Bi Edina, na wewe karibu kwetu.”

Mwanangu, ukifika huko, usiingie nyumba kama umeinunua pamoja na kila aliyewahi kuishi humo. Piga hodi hata kama ni tupu. Cha kwanza utakachopika kigawe na jirani, hata kama hujui jina lake. Ukila peke yako sema karibu, hutapungukiwa. Usilazimishe mambo ya watu yawe kama wali wa kwenu, tazama wanavyofanya wenyewe ndipo utie samli yako. Na siku ya kuondoka aga kwa adabu, lakini neno karibu liseme kwa unayemtaka kweli. Siye tukialikwa tunakuja, na wenzetu nao nimeona wanakuja. Mimi sikujuta. Lakini mimi ni mzee, nakaa peke yangu, napenda mtu jikoni.

Mungu akufikishe salama, akupe nyumba yenye kheri, na majirani wema, unaowaona na usiowaona. Akurudishe ukiwa na hadithi zako mwenyewe za kunisimulia, nami niwe hai wa kuzisikia.

Haya, zimeiva. Sogea nizitoe. Nipe ile chumvi, mwanangu, iko huko nyuma yako. Basi, usihangaike. Nishapewa.