Mswada wa Kwanza wa Leland Tveit

Kwa siku themanini za baridi Leland Tveit alikaa kiti cha mkono wangu wa kulia katika Bunge la jimbo letu hapa Marekani, na nakiri kwamba sikumjua. Alikuwa mkulima wa ngano kutoka kule juu, mpakani na Kanada. Alikuwa mgane asiye na mtoto, na mguu wake wa kushoto ulikuwa mfupi tangu vita vya Vietnam. Watu wa kwao walimchagua kwa sababu hakuna mwingine aliyetaka kuendesha gari kwa saa tano kwenye theluji. Yeye aligombea kwa ajili ya kopo.

Ndani ya kopo kulikuwa na majivu ya Duane Rask, mwenzake wa kikosi kimoja. Duane hakuacha mke wala mtoto. Kaka yake pekee alikuwa amegombana naye zamani, akakataa kutia saini, na sheria yetu ilitaka saini ya ndugu wa damu. Kwa hiyo kopo lilikaa miaka kumi na moja stoo kwa mhudumu wa mazishi, huku makaburi ya wanajeshi yakiwa na nafasi tele. Mswada wa Leland ulikuwa wa ukurasa mmoja: ndugu akikosekana au akikataa, aliyepigana vita pamoja na marehemu atie saini.

Sasa niseme mzaha wetu wa kitoto. Mbunge mgeni akileta mswada wake wa kwanza, sote tunabonyeza "hapana". Ubao wa kura unawaka taa nyekundu tupu, mgeni anatokwa na jasho, Spika anakohoa, na sote tunageuza kura kuwa kijani. Huwa hakuna anayeumia, maana siku moja kabla kuna mtu humnong'oneza mgeni, kwenye kifungua kinywa au kwenye baa. Kazi hiyo hapangiwi mtu. Huifanya rafiki tu.

Leland alikula mayai yake kila asubuhi peke yake motelini. Kila mmoja wetu alidhani mwingine keshamwambia. Mimi niliyekaa ubavuni mwake nilidhani hivyo hivyo, na ni mimi niliyezunguka kuwakumbusha wenzangu kuhusu mzaha wenyewe.

"Heh, leo na tai, mzee?" nikamtania. "Unaenda kuoa?"

"Naenda kumtoa Duane stoo," akasema.

Alizungumza dakika mbili. Spika akaita kura. Zikawaka taa themanini na saba nyekundu na moja ya kijani, ambayo ilikuwa yake. Nikamgeukia, nikingoja anikonyeze. Uso wake haukubadilika. Akasimama, akasema, "Asante, Mheshimiwa Spika, kwa muda wenu," akachukua kofia, akatoka akichechemea. Ubao ulipogeuka kijani mlango ulikuwa umeshafungwa.

Nilimkimbilia bila koti, nikamkuta maegeshoni akikwangua barafu kwenye kioo cha pikapu yake.

"Umepita, Leland! Wote tumekubali! Ule ulikuwa mzaha tu, mzaha wa wageni. Ina maana hakuna aliyekwambia?"

"Nani angeniambia, Verna?"

Hakusema kwa ubaya. Alikuwa anauliza kweli, na ndiyo maana iliniuma.

"Rudi ndani, utaganda," akasema. Kisha akaacha kukwangua. "Unajua, nilivyoona nyekundu vile, wala sikushangaa."

Nina miaka sitini na nane. Nimeshatukanwa hadharani na nimeshashindwa uchaguzi mara mbili, lakini aibu kama ile sijawahi kuipata.

Duane tulimzika Mei. Niliwaandikia wabunge wote tarehe na mahali, na wengi walijibu kwa maneno mazuri. Siku yenyewe tulikuwa Leland, mchungaji, mimi, na askari wawili walioleta bendera na kuondoka nayo muda mfupi baadaye, maana hapakuwa na ndugu wa kukabidhiwa. Baadaye tukashuka chumba cha chini cha kanisa kunywa kahawa, watu watatu kwenye meza ya watu arobaini.

"Na wewe je, nani atakutilia saini?" nikamchokoza.

"Kikosi chetu tulibaki mimi na Duane."

"Basi nitatia mimi."

"Wewe ulipigana wapi, kwenye kamati ya bajeti?" Akacheka, na ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka. "Soma sheria, mheshimiwa. Tena wewe uliipigia kura mara mbili."

Nilicheka pia, nikaongeza sukari kwenye kahawa. Nilijiambia kwamba Bunge likikaa tena tutaongeza maneno mawili pale, "au rafiki", na mambo yatakwisha.

Leland alifariki Oktoba ile ile, juu ya trekta yake. Bunge lisingekaa tena kwa zaidi ya mwaka. Niliendesha gari kwa saa tano hadi kwa mhudumu wa mazishi, nikamwambia nimekuja kumchukua Leland Tveit. Alikuwa mtu mpole. Alinivutia kiti, akafungua daftari, akauliza, "Wewe ni nani wake, mama?"

"Nilikaa ubavuni mwake siku themanini," nikasema, na kalamu yake ikabaki hewani juu ya daftari.