Jiwe la Mtoni Siku ya Ntheo

Hii aibu wanaoijua vizuri ni watu wa Kyuso, kwa wakwe zangu, maana walinicheka wakiwa wamesimama, wakaketi, wakaendelea kucheka. Wacha niwasimulie mwenyewe kabla mke wangu Kasyoka hajawasimulia na kuongeza chumvi.

Ilikuwa miaka ya themanini, nikifanya kazi kwenye visima vya mvuke kule Bonde la Ufa. Kazi yangu ilikuwa mawe. Tunachukua kipande cha mwamba kilichotolewa chini sana, tunakifungia ndani ya chuma, tunakibana na kukichoma, halafu tunasukuma maji upande huu tuone yatatokea upande ule baada ya muda gani, kwa sababu huko chini maji ya moto hayakai kama ziwa vile watu wanafikiria, yanajipenyeza kwa vitundu vya mwamba ambavyo jicho halioni. Kwetu Salama mama aliambia kila mtu mimi ni daktari wa mawe (na sikuwahi kumkatalia).

Basi siku ya ntheo ikafika. Kwa asiyejua, ntheo ni mbuzi unaopeleka kwa wakwe, wanachinjwa hapo hapo, na wazee wakila, huyo ni mke wako. Wasipokula, hata mzae watoto saba, bado ni msichana wa wenyewe. Na mimi nilimpenda Kasyoka mpaka chakula kilikuwa kimenishinda, na likizo yangu ilikuwa inaisha kesho yake.

Wapishi tulikuwa sisi wageni. Mafiga yalikuwa mawili, la tatu limevunjika, nikaona nisisumbue mtu, nikateremka mtoni pale akina mama wanachimba mchanga kutafuta maji, nikachimbua jiwe jeusi, laini, zuri kabisa, bado limelowa.

Baba yake Kasyoka, mzee Kilonzo, akaliangalia. "Hili umelitoa wapi, mwanangu?"

"Mtoni, mzee."

"Hapa hatupiki na jiwe la mtoni."

Mtu mwenye akili angelirudisha. Mimi nikaanza kufundisha, mbele ya wazee wenye mvi, vile jiwe lina vitundu, vile maji yanatembea ndani yake, vile moto utayatoa polepole bila shida. Mzee akanisikiliza mpaka mwisho. "Haya," akasema, "wewe ndiye umesoma."

Supu ilikuwa imeanza kunukia wakati jiwe lilipolipuka. Paa! Sufuria ikapinduka, wazee wakatawanyika na fimbo zao, nyama ya mbuzi wangu wote wawili ikalala kwenye mchanga, na mimi nimesimama na mwiko, suruali imelowa supu. Na kilichoniuma ni kwamba nilikuwa naijua hiyo kitu. Jiwe laini vitundu vyake ni vyembamba, maji hayatoki haraka, lakini moto una haraka, na mvuke ukikosa njia unajitengenezea. Kazini tungepandisha joto kidogo kidogo siku nzima. Hapo nilikuwa nimerundika kuni kama mtu anachoma matofali.

Mjomba wake Kasyoka akasema, "Ntheo imemwagika. Warudi siku nyingine." Hakuna aliyembishia. Kasyoka alikuwa kwa mlango wa jikoni, amefunika mdomo na leso, machozi yanamtoka, na sikujua kama analia au anacheka (baadaye aliniambia ni yote mawili). Nikaogopa sana, nawaambia ukweli. Niliona nimempoteza kwa sababu ya jiwe.

Ndipo mzee Kilonzo akainama, akaokota kipande cha nyama pale chini, akakikung'uta mara moja tu, akakitia mdomoni. Tulisikia mchanga ukisagika kwa meno yake, na alitafuna polepole mpaka akameza.

"Nimekula," akasema. "Kasyoka ni wako. Lakini mambo ya mawe uwe unamuuliza yeye. Hilo la mtoni alilijua akiwa bado anachunga mbuzi."

Mzee alishatuacha, Mungu amrehemu, na mpaka leo sijasahau yale meno yake na ule mchanga. Kila Krismasi nikitaka kuchemsha nyama huku nje, namwita Kasyoka kwanza. Anakuja, analishika jiwe, analigeuza, ananiangalia vile anajua kuniangalia. Akisema weka, naweka.