Gauni Jeupe la Mama Rita

Selpha Nabwile alifulia watu nguo hapa Voi kwa miaka thelathini. Babake aliletwa na kazi ya reli kutoka magharibi, akafia hapa, na Selpha hakurudi tena kwao. Sabuni ilikuwa imemchubua mikono hata kitabu cha nyimbo alikishika kwa ncha za vidole. Lakini kwa doa la kutu hakuna aliyemfikia. Shuka iliyoguswa na waya wa kuanikia, kitambaa cha meza ya kanisa, vyote alipelekewa yeye. Alikamulia ndimu, akanyunyiza chumvi, akaanika juani, na ikikauka anakamulia tena. Hakuwa na haraka.

Sisi akina mama wa chama kanisani tunapewa gauni moja jeupe siku ya kuapa, na ndilo tunalozikwa nalo. Tryphena, tuliyemwita Mama Rita, alilala kitandani miaka miwili. Karibu na mwisho alimwita Selpha akamshika mkono.

"Mama Nashon, wewe ndiwe utanitoa nikiwa safi."

Selpha akaitikia kwamba atafanya hivyo, Bwana akimjalia.

Mama Rita alifariki Jumanne, mazishi yakapangwa Jumamosi huko Chawia. Binti yake Rita alipofungua sanduku la nguo alikuta beji ya chama bado imechomekwa kwenye gauni. Wengi wetu tunaiacha hapo tukiogopa itapotea. Pini ilikuwa imeshika kutu, na kifuani pana doa kama kifuniko cha soda. Maskini aliona haya kuita mtu, akamwagia ile dawa kali ya kung'arisha nguo nyeupe. Doa likaiva, likawa rangi ya ugoro.

Selpha alipofika hakumgombeza. Alimweleza tu kwamba dawa hiyo hutoa uchafu mwingine, lakini kutu inaikaza. Alilisuuza gauni mara nyingi mpaka harufu ikaisha, maana alisema ndimu haifai kukutana na dawa ile. Kisha akaanza. Jumatano yote na Alhamisi yote, jua likiwaka, mimi nikimkamulia. Ijumaa mchana doa lilikuwa limefifia, tukapata moyo kidogo. Akalisugua polepole kwa kidole, na kitambaa kikaachia. Kidole kikatokea upande wa pili.

Rita akauliza kwa sauti ndogo kama mama anaweza kuvalishwa gauni lingine tu, la kawaida. Selpha akatikisa kichwa. Alienda kwake nyuma ya stesheni, akarudi na gauni lake mwenyewe, amelifunga ndani ya leso.

"Na siku yako, Mama Nashon?" nikamwuliza.

"Yangu bado. Hili lililotoboka nitalishona."

Mama Rita alizikwa amependeza. Selpha alisimama nyuma yetu sisi wenye nyeupe, amevaa blauzi ya kijani.

Siku yake haikukawia. Mwezi wa pili baada ya mazishi hayo kifua kilimbana, akalazwa Ijumaa, Jumapili tukaambiwa ametutoka. Mwanawe Nashon alikuja kutoka Maungu, akatufungulia sanduku. Ndani tulikuta lile gauni la Mama Rita. Alikuwa ametia kiraka kidogo, mshono mzuri, lakini pembeni mwa kiraka kutu ilikuwa bado iko. Hakuwahi kumaliza.

Mimi na Rita tulikamulia ndimu siku mbili, vile alivyotufunza. Halikutoka, na kusugua tuliogopa. Tukamvalisha hivyo hivyo. Wakio, mwenyekiti wetu, akasema basi tuweke maua kifuani, watu wasione.

"Acheni, mama," Rita akasema. "Hilo doa ni langu mimi."

Tuliomba, kisha Rita akachukua sindano, akaishona beji ya Selpha kwa uzi mweupe. Pini aliivunja akaitupa.