Jogoo wa Mavuno wa Jonah Kiilu

Tangu abatizwe mwaka wa 1964, Jonah Kiilu hakuwahi kufika Jumapili ya mavuno mikono mitupu. Kila Februari aliteremka vilima vya Mbooni na jogoo kwapani, akampeleka altareni, kisha akarudi kwenye benchi lake la mwisho, lile la karibu na mlango ambalo wenye heshima zao hawalitaki kwa sababu ya upepo. Mwaka wa njaa alipeleka kifaranga mwenye manyoya ya kuhesabika, mpaka mtu mmoja akauliza kama siku hizi parokia inapokea panya. Kifaranga akapokelewa hivyo hivyo.

Kazi yake ilikuwa kuchimba makinga maji, yale matuta yanayozuia udongo usikimbie na mvua. Alichimba huku akiongea na Mungu kwa Kikamba, sauti ya kawaida, kama mtu na mwenzake walio kwenye mtaro mmoja. "Mungu, hapa kuna jiwe." Baadaye kidogo: "Mungu, mgongo." Siku nyingine alimpa tu habari za majirani. Mungu alikuwa nazo tayari, bila shaka, lakini labda si kwa utamu ule.

Mambo yaliharibika mwaka wa 1983, zamu ya jumuiya ilipoangukia nyumba yake. Jumuiya ya Mtakatifu Anna ilikutana kila Alhamisi, leo kwa huyu, kesho kwa yule, na mwenye nyumba ndiye aliyeongoza sala. Kiilu alikuwa amekwepa zamu hiyo miaka mingi kwa ufundi mkubwa: mara jino, mara ng'ombe amepotea. Safari hii Padre Tomasi mwenyewe alisema atakuja. Padre huyo, mzungu wa kutoka Ayalandi, alijua Kikamba kuliko baadhi ya Wakamba, lakini watu walisali mbele yake kwa Kiswahili kizito ili ajue kuwa wamesoma.

"Baba Nzilani, hata jino halitakuokoa," mkewe Muthoki alimwambia. "Utasimama na utasema kitu."

Kiilu akaenda kwa Ndululu, katekista. Kwa sala, Ndululu hakuwa na mpinzani kutoka Mbooni mpaka Kalamba. Alianza na uumbaji wa dunia, akafika safina ya Nuhu watoto wakianza kulia, na alipowafikisha Waisraeli jangwani, wazee walikuwa wamelala kwa unyenyekevu mkubwa.

"Wewe huwa unasali vipi?" Ndululu aliuliza.

"Namwambia tu."

"Unamwambia tu. Kama unanunua chumvi."

"Mbona ananisikia?"

"Na ndiyo maana mpaka leo unachimba mitaro."

Wakakubaliana masomo ya wiki mbili, na Ndululu akataja kwa upole kwamba mwalimu mwenye njaa hufundisha vibaya. Sasa, kideri, ule ugonjwa wa kuku, kilikuwa kimepita bomani mwa Kiilu Desemba iliyotangulia. Waliobaki ni kuku mmoja wa Muthoki, aliyetaga kila siku, na jogoo mmoja mwekundu, wa mavuno. Kiilu alimtazama yule jogoo asubuhi nzima. Akajiambia kwamba sala nzuri nayo ni sadaka, akamfunga miguu, akampeleka.

Wiki mbili mtaro mzima ulisikia habari za "Ewe Mwenyezi uliyetandaza mbingu kama hema." Kuongea na Mungu kwa njia ya zamani kukakoma. Kiilu aliona haya, kama mtu anayemkwepa mwenzake njiani.

Alhamisi ikafika. Nyumba ilijaa mpaka mlangoni. Padre Tomasi alipewa kiti chenye mgongo, Ndululu akajipa kingine. Kiilu alisimama, akafumba macho.

"Ewe Mwenyezi," alisema, "uliyetandaza."

Hema halikuja. Alilitafuta huku na huko, halikuwepo. Mtu alikohoa. Ndululu akanong'ona, "Mbingu," lakini Kiilu alikuwa amekwisha kuacha Kiswahili na kurudi kwenye Kikamba cha mtaroni.

"Mungu, ni Kiilu. Jogoo wako wa mavuno nimempa Ndululu ili anifundishe kukuongelesha vizuri. Sasa jogoo hayuko, na maneno pia hayako. Jumapili nitakuja mikono mitupu, na sijawahi. Naona aibu. Nilidhani umenichoka nikiongea kawaida. Amina."

Muthoki, aliyekuwa akiinjika sufuria jikoni, alichungulia mlangoni. Habari ya jogoo alikuwa akiisikia kwa mara ya kwanza. Mumewe alikuwa amemwambia jogoo amekufa kwa kideri.

"Huyo jogoo," Padre Tomasi aliuliza taratibu, "ni mwekundu, shingo haina manyoya?"

"Ndiye, Padre."

Padre alimgeukia katekista wake. Katekista alikuwa ameanza kuchunguza mabati ya paa kwa makini.

"Ndululu, Jumatatu ulinialika chakula cha jioni."

"Ndiyo, Padre."

"Nikala mapaja yote mawili."

"Ulikuwa mgeni, Padre."

Nyumba ilicheka mpaka mtoto mgongoni mwa mama yake akashtuka. Padre alicheka kuliko wote, akajifuta macho. "Basi mzee, tulia. Sadaka yako imefika kanisani, tena imefika ndani kabisa."

Kiilu peke yake hakucheka. "Lakini Padre," alisema, kwa heshima zote, "wewe si yeye."

Kicheko kikakatika. Padre aliinuka kitini. "Hapana," alisema. "Mimi si yeye. Hapo umenishinda."

"Chukua kuku wangu," Muthoki alisema kutoka mlangoni. "Na ile hadithi ya kideri tutaimaliza wageni wakienda."

Jumapili Kiilu alimpeleka yule kuku altareni, akarudi benchini kwake. Baada ya misa, mazao na mifugo iliyotolewa ilipigwa mnada uwanjani, kama ilivyokuwa desturi. Ndululu alisimama mbele kabisa kumnunua kuku wa Muthoki, amrudishe kwake kabla mama huyo hajamjia juu kwa sababu ya jogoo. Jumuiya ya Mtakatifu Anna ikajua nia yake, na kila alipotaja bei, mmoja wao alipandisha, kwa upendo wa Kikristo, mpaka akatokwa jasho.

Kelele hizo zilimfikia Kiilu, lakini hakutoka. Kanisa lilikuwa tupu, naye bado alikuwa amepiga magoti karibu na mlango, akieleza kwa sauti ya kawaida kwamba kuku mwenyewe ni mzuri, hutaga kila siku, ila ukimwachia nafasi atataka kulala jikoni.